Je, Kiyoyozi Hiki ni Kidogo? Uchambuzi wa Kisa cha Sebule Moja

Kisa hiki kinahusu sebule moja, kiyoyozi kimoja cha ukutani, na swali ambalo sisi mafundi wa viyoyozi huulizwa kila msimu wa joto: je, mashine hii ni ndogo kuliko chumba? Mwenye nyumba, mama aliyekuwa ameishi na tatizo hilo kwa misimu miwili, alinieleza kwamba kuanzia saa nane mchana hadi jua linapozama sebule yake haikaliki, ingawa kiyoyozi hufanya kazi bila kupumzika na rimoti imewekwa kwenye nyuzi 16. Mafundi wawili walikuwa wamenitangulia. Wa kwanza aliongeza gesi, na hali ikabaki ileile. Wa pili alikitazama chumba, akapiga hesabu ya haraka, akamshauri aking'oe kiyoyozi chake cha BTU 12,000 (BTU ni kipimo cha joto ambacho mashine huondoa) na kufunga cha BTU 24,000. "Fundi, niambie ukweli," mama aliniomba, "nikinunua kikubwa nitapata nafuu, au nitakuwa nimetupa pesa mara ya pili?"

Sikuweza kumjibu siku ile, na nadhani hakuna fundi ambaye angeweza kumjibu kwa haki bila kupima. Udogo wa kiyoyozi ni neno la kulinganisha, na vitu vinavyolinganishwa ni vitatu: kiasi cha joto ambacho mashine imeandikiwa kuondoa, kiasi inachoondoa kweli leo hii, na kiasi kinachoingia chumbani katika saa mbaya kuliko zote. Anayesema "ni ndogo" kwa kutazama kibandiko na ukubwa wa chumba amekiruka cha katikati, na mara nyingi hata hicho cha tatu amekikisia tu. Tukumbuke pia kwamba kiyoyozi hakitengenezi baridi. Kazi yake ni kubeba joto kutoka ndani na kulitupa nje. BTU 12,000 kwa saa ni sawa na kilowati 3.5, na ndiyo inayoitwa tani moja, jina lililobaki tangu zama za biashara ya barafu: ni joto linalotosha kuyeyusha pauni 2,000 za barafu katika saa 24. Katika kisa hiki nitatumia kilowati, kwa sababu joto la jua, la watu na la vyombo hupimwa kwa kipimo hichohicho na hesabu inakuwa rahisi kufuatilia.

Nilianza na saa kabla ya kuigusa mashine. Niliacha vipimajoto viwili, kimoja ndani kwenye kimo cha mtu aliyeketi, mbali na dirisha na mbali na upepo wa kiyoyozi, na kingine nje kivulini, nikamwomba mama aandike usomaji kila saa kwa siku tatu huku kiyoyozi kikiwashwa kama kawaida yake. Daftari lake lilikuwa na thamani kuliko maelezo yote niliyokuwa nimepewa. Saa mbili asubuhi ndani palikuwa na nyuzi 26. Saa sita, 27. Saa nane, 29. Na saa kumi alasiri, nje pakiwa na nyuzi 34, ndani palifika 31. Usiku wa siku ya tatu nilimwomba akizime kiyoyozi mapema, kisha akiwashe saa tano. Nje palikuwa na nyuzi 27 tu, lakini mashine ilichukua karibu saa mbili kuishusha sebule kutoka 29 hadi 25.

Usomaji huo wa usiku ndio ulionizuia kukubaliana na fundi wa pili. Mashine nzima iliyo ndogo hushindwa jua likiwa kali na hupumua vizuri usiku. Mashine mgonjwa husuasua nyakati zote. Hapa dalili zote mbili zilikuwapo pamoja. Kwa upande mwingine, jambo ambalo mama alilisisitiza kuliko yote, kwamba mashine haipumziki, halikuwa ushahidi wa chochote. Kiyoyozi chenye ukubwa unaofaa kinatakiwa kufanya kazi karibu mfululizo katika saa za joto kali, na hiki kilikuwa cha inveta, ambacho kimetengenezwa kuendelea kuzunguka huku kikipunguza mwendo wa kompresa, yaani pampu inayosukuma gesi, kadiri chumba kinavyopoa. Wala nyuzi 16 kwenye rimoti hazikusaidia kitu, kwa maana kompresa ikishafika mwendo wake wa mwisho, kuomba baridi zaidi hakuongezi nguvu yoyote.

Mashine kwanza

Nilipima mashine ikiwa katika hali ya kupooza kwa nguvu zote na feni ikiwa kasi ya juu, baada ya kuiacha izunguke kwa nusu saa. Hewa iliyoingia ilikuwa na nyuzi 31 na iliyotoka 21, tofauti ya nyuzi 10. Fundi mwenye haraka angeridhika hapo, kwa sababu tofauti ya nyuzi 8 hadi 12 huhesabiwa kuwa ya afya. Lakini tofauti ya joto peke yake ni shahidi asiyetosha: hewa ikipita kidogo kidogo juu ya koili, yaani mabomba ya baridi yaliyo ndani ya mashine, hupoa vizuri, ilhali kiasi cha joto kilichoondolewa chumbani ni kidogo. Ni kama mtu anayechota maji safi kwa kikombe na kushangaa kwa nini pipa halijai. Kwa hiyo nilipima pia mwendo wa hewa mdomoni mwa mashine, nikapata takriban mita za ujazo 400 kwa saa, wakati kitabu cha mashine kilionyesha 560. Kisha nikaweka chupa chini ya mpira wa kutolea maji na kukuta lita 0.9 kwa saa.

Maji hayo watu wengi huyapuuza, nami nayachukulia kuwa nusu ya habari. Kila lita ya mvuke inayogeuzwa kuwa maji juu ya koili imeigharimu mashine nguvu ya takriban wati 680 kwa saa nzima, na kazi hiyo haionekani kabisa kwenye kipimajoto. Upande wa hewa, kila mita ya ujazo kwa saa inayopozwa kwa nyuzi moja ni wati 0.33. Hesabu ya siku ile ilikuwa hivi: 400 mara 0.33 mara 10 ni kilowati 1.3, maji ni kilowati 0.6, jumla kilowati 1.9. Mashine iliyoandikiwa 3.5 ilikuwa inatoa kidogo tu zaidi ya nusu yake.

Sababu zilikuwa tatu na hakuna hata moja iliyohitaji mashine mpya. Chujio lilikuwa limezibwa na vumbi, na vumbi lililopenya lilikuwa limejipaka kwenye koili na kwenye mapezi ya feni ya ndani. Mashine ya nje ilikuwa imefungwa kwenye kichochoro kati ya ukuta wa nyumba na ukuta wa uzio, na mbele yake palikuwa pamepangwa mbao na mapipa, hivyo hewa ya moto iliyotupwa ilirudi nyuma na kuvutwa upya: nje kivulini palikuwa na nyuzi 34, lakini hewa iliyokuwa ikiingia kwenye mashine ilikuwa na 43. Hilo si jambo dogo. Namba iliyo kwenye kibandiko hupatikana kwa majaribio ambamo nje pana nyuzi 35 na ndani 27, na kadiri hewa ya nje inavyozidi hapo ndivyo uwezo unavyoshuka na umeme unavyopanda.

Sababu ya tatu ilikuwa ile gesi. Gesi ya kiyoyozi hailiwi kama mafuta ya gari. Inazunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, na ikipungua maana yake imevuja. Sikuona dalili ya kuvuja: koili ilikuwa na ubaridi na unyevu sawasawa kutoka mwanzo hadi mwisho, hapakuwa na barafu, wala mafuta kwenye maungio. Niliikusanya gesi yote kwenye mtungi na kuipima kwa mizani, nikakuta imezidi uzito ulioandikwa kwenye kibandiko kwa gramu 150. Gesi iliyozidi hupandisha shinikizo upande wa nje na kuielemea kompresa, ambayo hapa tayari ilikuwa inapumua hewa ya nyuzi 43. Msaada wa fundi wa kwanza, aliotoa kwa nia njema nisiyoitilia shaka, ulikuwa umeongeza ugonjwa.

Tulisafisha chujio, koili na feni, tukaondoa mbao na mapipa, tukaweka bati la kuelekeza hewa ya moto juu badala ya kuiacha igonge uzio, na nikajaza gesi upya kwa uzito wake halisi. Siku mbili baadaye, katika hali ileile ya nje, hewa ilipita mita za ujazo 560 kwa saa, tofauti ilikuwa nyuzi 12, na maji lita 1.6 kwa saa. Hewa ilitoa kilowati 2.2 na maji 1.1, jumla 3.3. Vipimo vyangu si vya maabara, na kosa la sehemu moja katika kumi lingewezekana, lakini mashine ilikuwa imerudi karibu na ahadi yake. Usiku ilishusha sebule kutoka nyuzi 29 hadi 25 kwa dakika 50.

Alasiri, hata hivyo, sebule ilisimama kwenye 28.5. Mama alifurahi, kisha akaniuliza kwa upole kama basi tumethibitisha kuwa ni ndogo. Hapo ndipo swali lake lilipata haki ya kuulizwa, kwa sababu sasa tulikuwa na mashine nzima ya kulinganisha na chumba.

Chumba kinapokea nini

Sebule ina urefu wa mita 6 na upana wa mita 4, yaani mita za mraba 24, na dari iko mita 2.8 juu. Wauzaji na mafundi wengi huzidisha mita za mraba kwa BTU 600, ambayo hapa inatoa 14,400, namba iliyo katikati ya mashine ya 12,000 na ya 18,000. Sina ugomvi na kanuni hiyo kama hatua ya kwanza ya kukisia. Kasoro yake ni kwamba inaiona sakafu pekee, wakati joto haliingii kupitia sakafu. Linaingia kwa dirisha, kwa dari, kwa kuta na kwa milango, na sebule mbili zenye eneo sawa zinaweza kutofautiana mara mbili.

Nilihesabu saa kumi alasiri, nje nyuzi 34, nikitaka ndani pawe na 25. Dirisha linatazama magharibi, lina mita za mraba 3.6 za kioo kimoja, na lilikuwa na pazia jepesi ndani. Jua la saa hiyo hupiga kioo karibu uso kwa uso. Nilikadiria wati 550 kwa kila mita ya mraba na kwamba asilimia 60 hivi inabaki chumbani baada ya pazia, kwa kuwa pazia la ndani linapolizuia jua, jua limeshaingia, na pazia lenyewe huwa moto na kugawa joto lake chumbani. Pamoja na joto linalopita kwenye kioo kwa tofauti ya nyuzi tu, dirisha lilileta kilowati 1.4. Juu kuna paa la bati na chini yake dari ya ubao mwembamba isiyo na kitu chochote juu yake. Niliingiza kipimajoto kwenye nafasi iliyo kati ya bati na dari, nikasoma nyuzi 46. Dari ya namna hiyo hupitisha wati 2.6 hivi kwa kila mita ya mraba kwa kila nyuzi ya tofauti, na kwa tofauti ya nyuzi 21 hiyo ni kilowati 1.3. Anayesimama chini ya dari hiyo huhisi utosi ukipata moto hata kiyoyozi kikimpulizia usoni, na ndiyo sababu mama alikuwa akisema hewa ni ya baridi lakini chumba ni cha moto. Alikuwa anasema kweli tupu.

Kuta mbili za nje nilizipa kilowati 0.5. Hewa iliyoingia kupitia upenyo wa korido usio na mlango, ikija na unyevu wa jikoni na wa nje, niliipa 0.8, na karibu nusu ya hiyo ni kazi ya kukausha mvuke. Watu watatu walioketi ni 0.4, maana kila mmoja hutoa kama wati 120. Televisheni, friji ndogo na taa ni 0.3. Jumla ni kilowati 4.7, sawa na BTU 16,000.

Kwa hiyo jibu la kwanza la kweli lilikuwa ndiyo: kwa chumba hicho jinsi kilivyokuwa, mashine nzima ya kilowati 3.3 ilipungukiwa na 1.4. Kwamba joto lilisimama kwenye 28.5 badala ya kupanda zaidi ni kwa sababu sakafu na kuta za ndani, zilizopoa usiku na asubuhi, ziliendelea kufyonza sehemu ya pengo hilo, na kwa sababu chumba chenye joto zaidi hupokea kidogo zaidi kutoka nje. Lakini kupungukiwa kwa 1.4 si hoja ya kununua mashine ya kilowati 7. Mashine ya BTU 18,000, yenye kilowati 5.3, ingetosha na kubakiza. Ile ya 24,000 ingehitaji pia waya mnene zaidi, na jioni, mahitaji yakishuka, ingekuwa inazima na kuwaka kwa vipindi vifupi kwa sababu hata inveta ina mwendo wa chini ambao haiwezi kuupita. Mashine inayozima mapema huacha unyevu chumbani, na mtu hubaki na ubaridi wa kunata ambao nauona kuwa mbaya kuliko joto kavu.

Ila nilipozitazama zile namba sita, macho yangu hayakuondoka kwenye mbili za kwanza. Dirisha na dari peke yake zilikuwa kilowati 2.7, zaidi ya nusu ya mzigo wote, na zote mbili ni kasoro za nyumba zinazorekebishika. Nilimwambia mama kwamba kama angekuwa mpangaji asiyeruhusiwa kugusa jengo, ningemshauri anunue 18,000 bila kusita. Kwa kuwa nyumba ni yake, nilimwomba anipe nafasi ya kupunguza mzigo kwanza, hatua kwa hatua, ili kila badiliko lijibiwe na kipimajoto.

Mzigo ulipopunguzwa

Hatua ya kwanza ilikuwa kivuli nje ya dirisha: turubai nene kwenye fremu, lililoachwa na upenyo wa hewa kati yake na kioo ili joto lake lisigande hapo. Nilitarajia lizuie robo tatu ya jua, yaani kilowati 0.9. Pamoja nalo tuliweka mlango mwepesi kwenye korido na kuziba nafasi chini ya mlango wa nje, nikakadiria kuokoa 0.4. Mzigo ulipaswa kushuka hadi 3.4, karibu sawa kabisa na uwezo wa mashine. Katika siku ya kwanza iliyofanana na zile za mwanzo, nje nyuzi 34 na anga bila mawingu, sebule ilikuwa na nyuzi 26 saa kumi, huku kompresa bado ikizunguka kwa nguvu zote. Nasisitiza kufanana kwa siku, kwa sababu wiki iliyotangulia ilikuwa na mawingu siku mbili na ndani palifika 25. Kama ningezihesabu siku hizo ningejidanganya na kumdanganya mama.

Dari ilichukua muda mrefu zaidi, maana ilihitaji kutandazwa sufi ya glasi, kitu cha kuzuia joto, yenye unene wa sentimita 10 juu ya mbao zote, na waliotandaza waliacha mwanzoni ukanda mtupu kandokando ya ukuta wa magharibi. Tuliugundua kwa kupitisha mkono chini ya dari: sehemu yote ilikuwa na joto la kawaida, ukanda ule ulikuwa wa moto. Ulipozibwa, joto la kupitia darini lilishuka kwa hesabu yangu kutoka kilowati 1.3 hadi 0.2, na mzigo wote ukawa 2.3. Alasiri iliyofuata yenye nyuzi 34 nje, rimoti ikiwa kwenye 25, sebule ilishika 25 na kompresa ikapunguza mwendo yenyewe kwa mara ya kwanza katika saa ile. Umeme uliovutwa saa kumi, ambao baada ya matengenezo ulikuwa wati 1,100 hivi, sasa ulikuwa karibu 650.

Mashine ileile ya BTU 12,000 iliyoitwa ndogo sasa inazidi mahitaji kwa kilowati nzima, na ile ya 24,000 ingekuwa mara tatu ya kinachohitajika. Hata kanuni ya 600 ingekosea pande zote mbili: 14,400 zake hazikutosha chumba kilivyokuwa, na zimezidi sana chumba kilivyo.

Limebaki jambo moja ambalo hesabu yangu ya saa kumi haikulionyesha. Katika daftari la mama, ambalo ameendelea kuliandika kwa hiari yake, joto hupanda nusu nyuzi tena kati ya saa moja na saa mbili usiku, jua likiwa limeshazama. Ni ukuta wa magharibi, unaotoa ndani usiku joto uliloliweka mchana. Mashine ina nafasi ya kulibeba, hivyo hatukuugusa ukuta. Jioni moja alipokuwa na wageni na sebule ikawa na watu kumi katika saa hizohizo, watu saba zaidi ya kawaida, mzigo wao wa ziada ukawa karibu kilowati 0.8, kompresa ilirudi kwenye mwendo wa juu, na usomaji alioniletea kesho yake ulikuwa nyuzi 25.5.